Kazi ya Kwanza katika Uchapishaji: Njia Zilizo Wazi kwa Mhitimu wa Katavi Asiye na Uzoefu

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

"Uzoefu usiopungua miaka miwili." Maneno hayo manne katika tangazo la kazi huwakatisha tamaa wahitimu wengi kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa barua ya maombi. Kwa kijana aliyehitimu masomo ya Kiswahili, ualimu, ukutubi au mawasiliano ya umma, kisha akarejea nyumbani Mpanda, Inyonga au Karema, kikwazo huwa mara mbili. Anatakiwa awe na uzoefu asio nao, na nyumba za uchapishaji anazozisikia zipo Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Anabaki na mambo mawili: kusubiri, au kupanda treni ya kwenda Tabora na kuendelea mbele bila kujua anakwenda kwa nani.

Makala haya yanaeleza kwamba sehemu kubwa ya uzoefu unaotakiwa na mchapishaji inaweza kupatikana hapa hapa mkoani, katika kazi ambazo wengi wetu hatuzihesabu kuwa za uchapishaji. Hata hivyo, ni vema msomaji akafahamu mapema kwamba sekta hii nchini ni ndogo na nafasi zake ni chache.

Jambo la kwanza ni kutofautisha mchapishaji na mpiga chapa. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, na mhitimu anayechanganya mawili hayo hupeleka barua mahali pasipohusika. Mpiga chapa ni mwenye mitambo: hupokea kazi iliyokamilika, akaweka wino kwenye karatasi, akakata na kujalidi. Mchapishaji anaweza asiwe na mtambo hata mmoja. Yeye hupokea mswada, huamua kama unafaa, hugharimia uhariri, usanifu wa kurasa, michoro na jalada, huingia mkataba na mwandishi, humlipa mpiga chapa, kisha hubeba hasara iwapo vitabu havitauzika. Vilevile ndiye anayeomba namba ya utambulisho wa kitabu, maarufu kama ISBN, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Duka la steshenari linalochapa barua na kutoa kopi karibu na soko la Mpanda lipo upande wa upigaji chapa, ingawa, kama itakavyoonekana, linaweza kuwa mlango wa kuingilia upande wa pili.

Anayetaka kuzijua kazi zilizomo ndani ya uchapishaji hahitaji kusafiri. Achukue kitabu chochote cha kiada kilichotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambacho kinapatikana pia katika Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo, afungue ukurasa wa shukurani. Humo hutajwa waandishi, wahariri, wasanifu, wachoraji na mratibu. Ukurasa huo wanafunzi huuruka na walimu pia, lakini kwa mtafuta kazi ni orodha ya nafasi zilizopo katika sekta nzima. Kila cheo kilichoandikwa pale kiliwahi kushikwa na mtu kwa mara ya kwanza.

Orodha hiyo inaonesha pia kazi zilipo kwa sasa. Katika miaka ya 1990 kampuni binafsi ziliruhusiwa kuandaa vitabu vya kiada kwa ushindani, na nyingi zilikua kutokana na soko hilo. Katikati ya miaka ya 2010 Serikali iliirejeshea TET jukumu la kuandaa vitabu hivyo ili shule zote zitumie kitabu kimoja kwa kila somo. Tangu hapo wachapishaji binafsi wamejikita zaidi katika vitabu vya ziada, fasihi, vitabu vya watoto na vitabu vya kitaaluma. Kuanza kutumika kwa mitaala mipya kuanzia Januari 2024 kumeongeza mahitaji ya vitabu vya aina zote mbili. Kwa mhitimu, hii ina maana kwamba barua moja ya aina moja haiwezi kufaa kila mahali: TET huajiri kwa utaratibu wa utumishi wa umma, ilhali kampuni yenye watumishi wachache huangalia kwanza kama mwombaji anaweza kusoma mswada wa hadithi za watoto na kurudisha kazi safi kwa wakati.

Sasa neno "uzoefu". Mchapishaji anapoliandika katika tangazo huwa anajikinga na hatari moja mahususi. Kosa lililopita kwa mhariri huchapishwa katika kila nakala, na kulirekebisha baada ya hapo ni gharama. Miaka miwili ni njia ya mkato ya kuuliza: je, mtu huyu anaona makosa? Anayeweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi wa karatasi amejibu sehemu kubwa ya sharti lenyewe, japokuwa hana miaka ya kuonesha. Historia ya uchapishaji nchini inatoa mfano. Walter Bgoya, anayetambulika miongoni mwa wachapishaji wakubwa barani Afrika, alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kukabidhiwa uongozi wa Tanzania Publishing House mwaka 1972. Mwaka huo huo shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1966, lilishiriki kukichapisha kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho hadi leo kinasomwa duniani kote. Mwaka 1991 Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota. Ni kweli kwamba wizara haikuwa steshenari na nyakati zile hazikuwa hizi. Hata hivyo, alichoingia nacho kilikuwa ni usomaji na uwezo wa kupima andiko. Cheo cha awali katika nyumba ya vitabu hakuwa nacho.

Wachapishaji wengi humpima mwombaji wa kazi ya uhariri kwa kumpa kurasa chache zenye makosa, akazisahihisha kwa muda maalumu. Hapa ndipo mhitimu mwenye shahada nzuri anapoweza kushindwa na mwenye stashahada. Tuchukue sentensi hii: "Wananchi wa Kata ya Majimoto walijitokeza kwa wingi kupiga kula." Programu ya kompyuta ya kukagua tahajia haitaona chochote, kwa kuwa "kula" ni neno sahihi la Kiswahili. Ni msomaji pekee anayejua kwamba palitakiwa "kura". Ndivyo ilivyo kwa "mahali" na "mahari". Wengi wetu tunaotoka mikoa ambayo lugha za nyumbani hazitenganishi sauti za "l" na "r" hutamka hivyo bila kuona tofauti, na hakuna aibu katika matamshi. Lakini anayetaka kuwa mhariri anapaswa kuufahamu udhaifu wake wa sikio na kuupa jicho kazi hiyo. Hata jina la mji wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, limeandikwa "Kalema" katika baadhi ya maandishi ya zamani.

Kuna makosa mengine ambayo hayamo katika sarufi kabisa. Mswada unaosema mtu fulani alizaliwa "Mkoa wa Katavi mwaka 1985" umeandikwa kwa Kiswahili safi na bado una kosa, kwa sababu mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Mswada unaotaja "Tanganyika" bila maelezo unaweza kuwa na maana ya ziwa, ya nchi kabla ya Muungano, au ya wilaya ya mkoa huu yenye jina hilo. Katika ukurasa wa 4 imeandikwa "Majimoto", katika ukurasa wa 19 "Maji Moto": mhariri huchagua moja na kulishikilia hadi mwisho wa kitabu. Kijana wa Katavi anayasoma majina haya kwa wepesi kuliko mhariri aliyeko Dar es Salaam, na hiyo ni sifa ya kuandikwa katika barua ya maombi.

Ushahidi wa kazi unaanzia wapi? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna chuo kizuri cha uhariri katika mkoa wetu kuliko katiba za vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ili kikundi kisajiliwe na kuomba mkopo huo kinatakiwa kuwa na katiba, na katiba hizo huandikwa kwa haraka, mara nyingi kwa kunakili ya kikundi kingine, kisha hupelekwa steshenari kuchapwa. Fikiria kifungu kinachosema: "Fedha za kikundi zitatolewa kwa saini ya mwenyekiti au mhazina na katibu." Je, mwenyekiti anaweza kutoa fedha peke yake? Au ni lazima katibu asaini pamoja na mmoja wa wale wawili? Kifungu kinaruhusu tafsiri zote mbili, na siku fedha zitakapopungua kila upande utakuwa na katiba mkononi. Anayeliona tatizo hilo, akawauliza wanakikundi walikusudia nini, akaandika upya kifungu kwa maneno yasiyo na utata, amefanya uhariri kwa maana yake kamili. Ameuliza badala ya kubuni, na ameitunza kauli ya mwenye andiko.

Kazi za namna hiyo zipo nyingi: ratiba na vijitabu vya mahafali, historia za parokia na misikiti inapoadhimisha miaka kadhaa tangu kuanzishwa, magazeti ya ukutani shuleni, mitihani ya majaribio, miongozo ya vikundi vya wafugaji nyuki wa Mlele, vipindi vya redio za kijamii vinavyoandikwa kabla ya kusomwa. Mhitimu achague chache, azifanye kwa makini, na atunze nakala mbili za kila moja: jinsi ilivyokuja na jinsi ilivyoondoka. Programu za kawaida za uandishi wa kompyuta zina sehemu inayohifadhi kila badiliko lililofanywa pamoja na maelezo ya pembeni. Ni busara kujifunza kuitumia, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika ofisi nyingi za uhariri na inamwezesha mtu wa Mpanda kufanya kazi na mchapishaji wa Dar es Salaam bila kuonana uso kwa uso.

Sharti moja lisivunjwe. Andiko ni mali ya aliyeliandika, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda hata kama hajalichapisha. Kumwonesha mwajiri mswada au katiba ya watu bila ruhusa yao ni kosa, na pia kunamweleza mwajiri huyo kwamba siku moja atatendewa vivyo hivyo. Ombi la maandishi la mistari miwili, lililosainiwa na mwenye andiko, linatosha.

Wapo watakaosema kazi hizo ni ndogo mno. Ni vema wakatafakari jambo lifuatalo. Kibende ni miongoni mwa lugha za asili za mkoa huu, pamoja na Kipimbwe na Kikonongo. Kitabu cha msamiati wa lugha hiyo kilichoandaliwa na mtafiti wa Kijapani, Yuko Abe, kilitolewa Tokyo mwaka 2006. Mtafiti anastahili shukurani, na kazi yake ni hazina. Lakini habari hiyo inaonesha ni kiasi gani cha maarifa ya Katavi kinasubiri mtu wa hapa mwenye uwezo wa kukiandika, kukihariri na kukipangilia. Kanda hii nayo si ngeni kwa uchapishaji. Kwa miongo kadhaa vitabu vya Kiswahili vilitolewa Tabora na shirika la uchapishaji la wamisionari lililojulikana kwa herufi T.M.P., mwisho wa safari ile ile ya reli inayoanzia Mpanda na kupitia Kaliua. Kusini mwa nchi, watawa wa Ndanda na Peramiho walifanya hivyo mbali kabisa na pwani ya Dar es Salaam.

Baada ya kuwa na ushahidi, mhitimu anaweza kubisha hodi katika milango ya rasmi. Kitengo cha Huduma za Ajira (TaESA) chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu huratibu mafunzo ya utarajali, ambayo huwaunganisha wahitimu na waajiri ili wapate uzoefu wa kazi. Anayejisajili aeleze wazi kwamba anataka kupangiwa mahali penye kazi ya uhariri, uchapishaji au maktaba, vinginevyo atapangiwa popote panapopatikana. Nafasi za utumishi wa umma, zikiwemo za maofisa habari na wapiga chapa, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na huombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal. Waombaji wengi huondolewa kwa upungufu mdogo, kama vile barua isiyosainiwa au kuambatisha hati ya matokeo badala ya cheti. Ofisi moja ya umma iliyo karibu zaidi ni halmashauri yenyewe: vitengo vya mawasiliano hutoa taarifa na majarida, na mhitimu anaweza kuomba kujitolea kwa barua kwa mkurugenzi.

Kuna pia Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Tuzo hii inaratibiwa na TET na hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Kazi zinazoshinda huchapishwa na kupelekwa shuleni. Huu ni mlango wa waandishi zaidi kuliko wahariri, ingawa mwandishi wa Katavi anayetaka kushiriki anahitaji mtu wa kuusoma mswada wake kabla ya kuutuma, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Kwa upande wa lugha, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya Kiswahili. Kuzifahamu kanuni zake na kuzoea kutumia kamusi zake humpa mwombaji nguvu mbele ya mchapishaji anayejua kwamba kitabu chake kitapimwa na baraza hilo.

Tahadhari inahitajika kwa wanaochanganya vitabu na habari. Kuhariri riwaya hakuhitaji kitambulisho cha mwandishi wa habari. Lakini anayetaka kufanya kazi ya uandishi wa habari anahusika na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na anayefikiria kuanzisha chombo cha habari mtandaoni ili ajipatie uzoefu awasiliane kwanza na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kuhusu leseni.

Barua kwa mchapishaji binafsi iwe ya ukurasa mmoja. Isomeke kwamba mwombaji amevisoma vitabu vya kampuni hiyo: ataje viwili, aseme kimoja kimempendeza kwa lipi. Akiona kosa katika kitabu chao asilitangaze kwenye barua ya kwanza. Lipo la kusema wakati wa usaili. Aambatishe kurasa mbili au tatu za ushahidi, siyo ishirini. Aeleze anachoweza kukifanya sasa, kwa mfano kusoma prufu, kuhakiki majina ya mahali na watu, au kusoma miswada inayoingia na kuandika maoni ya nusu ukurasa kwa kila mmoja. Kazi hii ya mwisho hupendwa na wachache, na miswada hurundikana. Kisha aisome barua yake kwa sauti, ampe mwingine aisome, ndipo aitume. Barua ya kuomba kazi ya uhariri yenye kosa la upatanisho wa kisarufi, mathalani "vitabu hizi", haihitaji kujibiwa.

Majibu yanaweza kuchukua miezi, na mengine hayaji kabisa. Wakati wa kusubiri ndipo matapeli hujitokeza na nafasi za "uhariri wa nyumbani" zinazodai ada ya usajili kwa simu. Maombi ya kazi za utumishi wa umma hayalipiwi, na mchapishaji wa kweli hamtozi mhariri fedha ili ampe kazi. Anayedaiwa ada asilipe, na atoe taarifa kituo cha polisi akiwa na namba ya simu iliyotumika.

Iwapo jibu litakuwa la kukubaliwa, mara nyingi kazi ya kwanza huwa ya muda, inayolipwa kwa ukurasa au kwa mswada. Makubaliano yawe ya maandishi hata kama ni ya barua pepe: ni kurasa ngapi, zitarudishwa lini, malipo ni kiasi gani, na yatalipwa baada ya kukabidhi kazi au baada ya kitabu kutoka. Tofauti ya mawili hayo ya mwisho inaweza kuwa mwaka mzima. Kwa anayeajiriwa moja kwa moja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa maelezo ya ajira kwa maandishi. Msomaji afahamu kwamba ulinzi wa sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Na kabla ya kusaini, aulize kama jina lake litaandikwa katika ukurasa wa shukurani. Mchapishaji atakayemwajiri baadaye ataufungua ukurasa huo kwanza.